Je, wajua kwa nini ufunguo uliokatikia kwenye swichi ya gari hauchomoki kwa kuvutwa tu?

Umezungusha ufunguo ili uwashe gari, mkono ukalegea ghafla, na ulichobaki nacho ni kichwa cha ufunguo peke yake. Ulimi wake umebaki ndani ya swichi. Karibu kila mtu huanza kuuchokonoa papo hapo: kwa kucha, kwa pini, kwa ncha ya kisu. Ukigoma, watu husema umekwama, na hapo ndipo nguvu huanza kutumika.

Mara nyingi ulimi ule haujakwama. Umeshikwa na kufuli lenyewe, kwa sababu kufuli lile liliundwa liushike. Anayejua unashikwaje na unaachiwa lini ana nafasi kubwa ya kuutoa bila kuharibu chochote, na asiyejua anaweza kuua swichi nzima kwa ajili ya kipande cha chuma chenye urefu wa kidole.

Kwa nje tunaona tundu jembamba tu, kwa kawaida likiwa na kimlango kidogo cha springi cha kuzuia vumbi. Nyuma ya kimlango hicho kuna silinda mbili, moja ndani ya nyingine. Ya nje imetulia, ya ndani ndiyo inayozunguka pamoja na ufunguo. Katika kufuli za milango ya nyumba, zile ambazo Linus Yale mdogo alizipatia hataza Marekani mwaka 1861, kinachozuia silinda ya ndani isizunguke ni safu ya vijiti vidogo. Magari mengi hutumia vibati bapa badala ya vijiti. Kila kibati kimetobolewa dirisha katikati, na ufunguo unapoingia hupita katika madirisha hayo yote, kibati baada ya kibati.

Kila kibati kina springi yake inayokisukuma upande mmoja. Ufunguo usipokuwepo, ncha za vibati hutokeza nje ya silinda ya ndani na kuzama katika mifereji iliyochongwa kwenye silinda ya nje. Basi hakuna kinachozunguka. Ukiingiza ufunguo wake halisi, kila mkato wa ufunguo hukisimamisha kibati chake kwenye kimo kinachotakiwa, ncha zote zinajificha, na silinda inakuwa huru. Tofauti ya kina kati ya mkato mmoja na mwingine huwa karibu nusu milimita. Ni kazi ya usahihi mkubwa kwa kitu ambacho tunakitupa mfukoni pamoja na sarafu.

Sasa angalia kinachotokea ukishauzungusha ufunguo. Silinda ya ndani imegeuka na vibati vyake, lakini mifereji ya silinda ya nje imebaki palepale. Vibati sasa vinatazama ukuta mtupu, havina pa kutokea. Na ili ufunguo uchomoke, lazima vibati viweze kupanda na kushuka kadiri vilima na mabonde ya ufunguo yanavyopita chini yake. Vikishabanwa na ukuta haviwezi kupanda, kwa hiyo ufunguo hautoki hata ukiuvuta kwa plaizi. Ndiyo sababu ufunguo hauanguki gari linapotembea barabarani, isipokuwa katika magari ya zamani ambayo vibati na ufunguo vimelika kiasi kwamba mtu anaweza kuuchomoa injini ikiwa inaunguruma.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta kifaa chochote, tazama silinda imesimama wapi. Pembeni mwa tundu kuna maandishi: LOCK (imefungwa), ACC (umeme wa vifaa kama redio), ON (umeme wote), START (kupiga stata). Mdomo wa tundu ukiwa umelingana na LOCK, vibati vinatazama mifereji na kipande kinaweza kutoka. Ukiwa kwenye ACC au ON, hakitoki, na kila dakika unayotumia kukivuta ni ya kukiharibu. Ufunguo ukikatika wakati wa kupiga stata, springi huirudisha silinda kutoka START hadi ON, kwa hiyo huko ndiko utakakoikuta.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba kipande kilichobaki ndani bado ni ufunguo halali. Kama kimezama chote mahali pake, kimevisimamisha vibati vyote kama kilivyokuwa kikifanya kikiwa kizima. Kilichopotea ni mkono wa kukizungushia tu. Chukua bisibisi bapa nyembamba, gusisha ncha yake kwenye mdomo wa tundu bila kukisukuma kipande ndani, kisha zungusha taratibu kurudi LOCK. Gari liwe limesimama, breki ya mkono imevutwa, na kama ni la otomatiki gia iwe P, maana magari hayo hukataa kurudi LOCK gia ikiwa kwingine. Usifungue waya wa betri kabla ya hatua hii, kwa sababu baadhi ya magari hutumia umeme kuuachilia ufunguo. Yapo pia yanayotaka ubonyeze kidogo ukifika ACC ndipo yaingie LOCK. Hapo bonyeza uso wa silinda, kipande ukiache kama kilivyo.

Silinda ikishafika LOCK, kazi iliyobaki ni ya mikono mitulivu na mwanga mzuri. Kama kipande kimechungulia nje hata kwa milimita moja, plaizi yenye mdomo mwembamba inatosha. Hatari pekee ni kukisukuma ndani wakati wa kukikamata, kwa hiyo fungua mdomo wa plaizi kabla hujafika, ubane kutoka pembeni, kisha vuta moja kwa moja bila kupinda.

Kikiwa kimezama, puliza mafuta mepesi ya kulainishia, kidogo tu, na uyape muda yapenye. Shikilia kile kimlango cha vumbi kikae wazi kwa kitu chembamba, la sivyo kitakuwa kinakifunika kipande kila unapokigusa. Mafundi wa funguo wana vifaa maalumu vya kutolea, vyembamba mno, vyenye kindoana kidogo mwishoni. Asiye navyo anaweza kutumia ubapa wa msumeno mwembamba wa kukatia nakshi, mradi meno yake yaelekee nje, upande wako. Hapo utateleza ukiingia na kung'ata ukivutwa. Uingize ukiambaa kando ya ule upande wa ufunguo wenye mikato, ugeuze kidogo ili meno yashike kwenye bonde mojawapo, kisha vuta polepole.

Kipande kikianza kusogea utajua kwa vidole kabla ya macho. Kinasita, kinaachia, kinasita tena: kila msito ni kibati kimoja kinachopanda mgongo wa ufunguo na kushuka upande wa pili. Hapo si pa kuharakisha. Ukivuta kwa ghafla meno ya msumeno yanateleza na kipande kinarudi. Kikiwa kigumu, wawili husaidiana: vifaa viwili vyembamba, kimoja kila upande, vikivutwa kwa pamoja.

Kuna njia za mkato ambazo naziogopa kwa dhati. Ya kwanza ni kupaka gundi kali kwenye kichwa cha ufunguo kisha kukibandika kwenye kipande. Gundi hiyo ni majimaji, hupenya popote penye uwazi mwembamba, na ndani ya swichi uwazi mwembamba ndiyo mali yote iliyomo. Tone likifika kwenye vibati viwili vya mwanzo, swichi iliyokuwa na kipande cha kutoa sasa ni ya kubadilishwa. Ya pili ni kuingiza ufunguo wa akiba kujaribu kukigusa kile kipande. Unakisindika hadi mwisho, nyuma ya kibati cha mwisho, ambako hakuna ndoana inayofika. Sumaku nayo haina madhara, ila haisaidii sana: funguo nyingi hutengenezwa kwa shaba njano au kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na sumaku haivuti vitu hivyo.

Kama umejaribu kwa utulivu na hakuna kinachosogea, acha, umwite fundi wa funguo. Anaweza kulazimika kuitoa silinda nzima, na hilo lina utaratibu wake: mara nyingi silinda huzungushwa hadi ACC ndipo pini inayoishikilia ibonyezwe kupitia kitundu kidogo. Pia inabidi kufungua vifuniko karibu na usukani, mahali panapopita waya za mfuko wa hewa wa usalama. Si mahali pa kujifunzia.

Lakini kwa nini ufunguo ukatike, kitu cha chuma kinachozungushwa kwa vidole viwili?

Hapo zamani ufunguo wa gari ulikuwa na kazi ndogo. Uliruhusu umeme upite, na stata ilipigwa kwa kitufe au kwa kukanyaga pedali. Mwaka 1949 Chrysler ilianza kuuza magari ambayo stata hupigwa kwa kuzungusha ufunguo wenyewe, kwa hiyo vidole vikaanza kushindana na springi ya swichi kila asubuhi. Kisha General Motors, kwa magari yake ya mwaka 1969, ikaihamisha swichi kutoka kwenye dashibodi hadi kwenye nguzo ya usukani na kuiunganisha na kufuli la usukani, na mtindo huo ukaenea. Tangu hapo ule ulimi mwembamba unabeba mzigo wa pili: kukivuta kile chuma kinachozuia usukani.

Na mzigo huu wa pili ndio unaovunja funguo nyingi. Ukiegesha matairi yakiwa yamepinda au yamegusa ukingo wa barabara, usukani hulalia chuma kile na kukibana. Asubuhi ufunguo haugeuki. Dereva anakaza, anakaza zaidi, pengine anabana na plaizi. Dawa ni mkono wa pili: usukume usukani kidogo upande ule unaokubali huku ukigeuza ufunguo kwa nguvu ya kawaida, na chuma kitaachia.

Ufunguo wenyewe haukatiki popote pale. Hukatika kwenye mkato wenye kina kuliko yote au pale ulimi unapokutana na kichwa, kwa kuwa hapo ndipo upana ni mdogo na kona ni kali, na nguvu zote hukusanyika kwenye kona. Kila unapokaza, ufa usioonekana huongezeka, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa hadi ukatike. Ukiwa nacho kile kichwa kilichobaki mkononi, kisogeze kwenye mwanga utazame pale kilipokatikia. Mara nyingi utakuta sehemu mbili: moja imefifia na kuchafuka, nyingine inang'aa. Iliyofifia ni ufa wa siku nyingi. Inayong'aa ndiyo peke yake iliyokatika leo. Ufunguo uliopinda kidogo au wenye mstari mwembamba kama unywele karibu na kichwa unapaswa kuachwa kabla haujafika huko, na rundo zito la funguo lining'inialo chini yake wakati wa safari linausogeza karibu na siku hiyo.

Kipande kikishatoka usikitupe. Fundi anaweza kuviunganisha vipande viwili, kusoma vimo vya mikato na kuchonga mwingine. Ila kuna jambo la kuangalia. Mashine ya kunakili huchonga inachokiona, na ufunguo uliolika hunakiliwa pamoja na kulika kwake. Nakala ya nakala huzidi kupotoka, na katika kufuli ambalo tofauti ya mikato ni nusu milimita, kupotoka kidogo kunatosha kufanya silinda isite, na ufunguo unaosita ndio unaokazwa na kukatika. Ningependelea daima ufunguo uchongwe kwa namba yake ya siri, ile inayotolewa pamoja na gari likiwa jipya au inayopatikana kwa wakala kwa kutumia namba ya chasisi. Namba hiyo hutoa vimo vya kiwandani, bila kujali ufunguo wa zamani umechakaa kiasi gani.

Na kichwa je? Hicho kitunze zaidi. Magari mapya ya Umoja wa Ulaya yalilazimishwa kuwa na kizuizi cha injini kuanzia mwaka 1998, na siku hizi kimeenea kwingi. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu ndogo isiyo na betri. Koili iliyozunguka tundu la swichi huipa nguvu kwa uga wa sumaku, nayo hujibu kwa namba ambayo gari linaitambua. Ufunguo mpya usio na chipu utaingia, utazunguka vizuri, stata pengine italia, lakini injini ama haitawaka ama itazima mara moja. Ukikishikilia kile kichwa cha zamani karibu kabisa na tundu wakati wa kuzungusha, kwa magari mengi injini itawaka, na hilo linakutosha kulifikisha gari kwa fundi atakayeihamisha chipu hadi kwenye kichwa kipya.