Fulana ya Kuzuia Risasi na Kupungua kwa Kipenyo cha Risasi za Bastola

Risasi ya milimita 9 iliyosanifiwa na Georg Luger nchini Ujerumani mnamo mwaka 1902 imetumika katika majeshi mengi kwa zaidi ya karne moja, na mimi ninayechambua historia ya zana hizi huulizwa mara kwa mara kwa nini watu walihangaika kutafuta risasi nyembamba zaidi. Jibu liko kwenye fulana ya adui.

Kichwa cha risasi ya milimita 9 kina uzito wa takriban gramu 8, nacho hutoka mtutuni kwa kasi inayokaribia mita 350 kwa sekunde. Kikigonga tabaka za Kevlar, yaani kitambaa cha nyuzi imara kinachotumika kutengeneza fulana hizo, hubonyea na kutanuka, na nguvu yake husambaa kwenye nyuzi nyingi kwa pamoja. Ndiyo maana NATO, mwishoni mwa miaka ya 1980, ilitaka risasi mpya kwa ajili ya madereva, wapiga mizinga na wengine wasioweza kubeba bunduki ndefu. Kipimo kilichokuja kutumika kilikuwa bamba la titani lenye unene wa milimita 1.6 pamoja na tabaka 20 za Kevlar, kwa kufuata mfano wa fulana za Kisovieti.

Kampuni ya FN ya Ubelgiji ilijibu kwa risasi ya milimita 5.7, ambayo toleo lake la SS190 lina kichwa cha gramu 2 chenye ncha ya chuma cha pua, kinachofikia mita 716 kwa sekunde kikitoka kwenye mtutu wa P90, bunduki fupi ya kampuni hiyo. Ukipiga hesabu utaona kwamba nishati ya risasi hizi mbili inakaribiana sana, takriban jouli 500 kila moja, lakini ile nyembamba huibana nishati hiyo katika eneo dogo mara mbili na nusu. Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Wasovieti walikwisha kulionyesha kwa bastola ya PSM ya milimita 5.45, yenye risasi dhaifu kwa nishati ila yenye kiini cha chuma.

Gharama yake huonekana kwenye mpini. Baruti inayohitajika kwa kasi hiyo hudai ganda refu, na risasi nzima ya 5.7 ina urefu wa milimita 40.5 ikilinganishwa na milimita 29.7 za risasi ya Luger, kwa hiyo mpini wa Five-seveN, bastola ya FN inayotumia risasi hiyo, ni mpana kutoka mbele kwenda nyuma. Shinikizo ndani ya chemba nalo ni kubwa, na ukilitazama ganda lake kwa karibu utaona limepakwa utando mwembamba wa polima ili lichomoke bila kukwama.

Ujerumani nayo ilileta risasi ya Heckler & Koch ya milimita 4.6. Majaribio ya NATO ya 2002 na 2003 yaliipa ushindi ile ya 5.7, Ujerumani ikapinga, na mchakato ukasimama; 5.7 ilikubaliwa kuwa risasi sanifu ya NATO mwaka 2021 tu. Kwa maoni yangu ucheleweshaji huo uliinufaisha risasi ya zamani, kwa sababu Jeshi la Marekani lilipochagua bastola mpya ya M17 mwaka 2017, lilibaki na milimita 9.