Pigo kwa pigo: gemu ambazo vita vyake hufuata ngoma

Neno pigo kwetu lina kazi nyingi. Ngoma ina mapigo, moyo una mapigo, na aliyetandikwa ngumi ya shavu naye kala pigo. Kuna gemu zilizojengwa juu ya utata huohuo: unapigana kama kawaida, lakini ngumi, upanga au risasi yako inapata nguvu kamili pale tu inapotua pamoja na mdundo wa muziki. Kwa kuwa jina lililozoeleka sijalisikia, nitaziita gemu za mapigo.

Zisichanganywe na gemu za muziki mtupu. Katika Dance Dance Revolution ya mwaka 1998, mshale unapanda, unakanyaga, basi. Hakuna anayetaka kukuua. Na gemu nyingi za kupigana zina muziki, ila ni wa pambo. Zima sauti, utashinda vilevile. Kwenye gemu ya mapigo, kuzima sauti ni kujifunga mkono mmoja.

Mfano ninaoupenda ni wa zamani: Patapon, iliyotoka Japani mwishoni mwa 2007 kwa ajili ya PSP, mashine ya gemu ya mkononi ya Sony. Humo humshiki askari yeyote. Wewe ndiye mpiga ngoma wao. Kitufe cha mraba kinalia pata, cha duara pon, cha pembetatu chaka. Piga pata-pata-pata-pon, jeshi linasonga mbele. Pon-pon-pata-pon, linashambulia. Chaka-chaka-pata-pon, linajikinga. (Mswahili asihangaike kutafuta kinachopatikana hapo, ni mlio tu.) Utamu wenyewe uko baada ya amri: unanyamaza kwa mapigo manne, na askari wanakuitikia kwa kuimba yaleyale huku wakitekeleza. Ni manju na waitikiaji wake. Ukiwaingilia kabla hawajamaliza, wimbo unakatika na jeshi linaduwaa mbele ya adui. Ukienda nao bila kukosea, sauti zinapanda, mori unawapanda nao, na mikuki inauma kweli.

Kwa nini inanoga hivyo? Nionavyo mimi, siri iko kwenye kujua saa ya jambo kabla halijatokea. Katika pambano la kawaida unamtazama adui, unaona ngumi inakuja, halafu ndipo kidole kinajibu, na safari hiyo ya jicho hadi kidole hula kama robo sekunde. Muziki wa mapigo 120 kwa dakika una pigo kila nusu sekunde. Ukishaushika, hungoji kuona. Mwili unajua pigo lijalo litaangukia wapi, kama unavyojua harusini kofi linaangukia wapi bila kuhesabu. Swali la "lini" limeshajibiwa, linabaki la "nini": nipige, nikwepe au nijikinge? Aliyeona kirumbizi cha Lamu, watu wakikabiliana kwa fimbo huku ngoma na zumari zikilia, ameshanielewa.

Crypt of the NecroDancer ya 2015 inalionyesha hili kwa ukali kuliko zote. Unashuka pangoni, na kila kiumbe husogea kwa mdundo. Kiunzi cha mifupa huinua mikono kwanza, kisha kwenye pigo linalofuata ndipo kinakujia. Ukishamsoma hivyo, unajua pigo la kumchapa. Ukikosa pigo, zamu yako imepita. Lakini humo kuna mhusika mmoja, Bard, asiyefungwa na muziki: mazimwi hayasogei mpaka yeye asogee. Mchague uone. Mazimwi yaleyale na pango lilelile, lakini ghafla unacheza bao, unakuna kidevu, unapanga. Si vibaya, ila ule moto umezimika.

Hi-Fi Rush ya 2023 ni mpole zaidi. Chai, kijana mwenye kicheza muziki kifuani, anaishi katika dunia ambayo mitambo na majukwaa yote yanacheza kwa biti, na hatua zake mwenyewe hali kadhalika. Ukibonyeza ovyo, gemu yenyewe hulisogeza teke lake litue kwenye pigo. Ukibonyeza sawasawa, teke linaumiza zaidi. Ndiyo maana wale wanaosema "mimi sina sikio la muziki" huwa nawaanzishia hii.

Metal: Hellsinger ya 2022 ina ujanja ninaouhusudu: malipo yako ni wimbo wenyewe. Unaanza kuua mashetani ukiwa na muziki mwembamba. Kadiri unavyopiga risasi kwa mdundo, kizidishi cha alama kinapanda na vyombo vinaongezeka, hadi kikifika 16 ndipo mwimbaji anapofungua koo. Ukizembea, anapotea. Sijawahi kupigania alama kwa uchungu nilivyompigania mwimbaji yule asininyamazie.

Zina kero zake. Huwezi kuzurura na kutazama mandhari, na baada ya saa moja kichwa kinachoka kama cha mtu aliyetoka mkesha. Kubwa zaidi ni sauti kuchelewa. Televisheni ikichelewesha sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwenye mapigo 120 umeshaibiwa moja ya tano ya pigo, na unakosea huku ukiapa uko sahihi. Kwa hiyo gemu hizi huwa na sehemu ya kusawazisha sauti na picha kwenye mipangilio, na wengi tunairuka kwa haraka ya kuanza.

Mimi niliiruka. Jioni nzima bosi mmoja, yaani adui mkubwa wa kwenye gemu, alinigaragaza, nikalaumu pedi ya kuchezea, nikalaumu vidole, nikamlaumu hadi mdogo wangu aliyekuwa anakula karanga pembeni. Kumbe nilikuwa nimevaa spika za masikioni zisizo na waya, sauti inanifikia kwa kuchelewa. Nikachomeka zile za waya za elfu tano, na mara ya pili tu bosi akalala.