Bonobo ni mnyama gani, na anatofautianaje na sokwe

Bonobo ni mnyama wa jamii ya sokwe, asiye na mkia, anayeishi porini katika nchi moja tu duniani, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na huko nako hupatikana kusini mwa Mto Kongo pekee. Yeye na sokwe wa kawaida, yule ambaye Watanzania humjua kwa habari za hifadhi za Gombe na Mahale, ndio viumbe walio karibu zaidi na binadamu kwa nasaba. Vinasaba vya bonobo vinalingana na vyetu kwa takriban asilimia 98.7, na tofauti kati yake na sokwe ni kama asilimia 0.4 tu. Jambo linalohitaji kuelezwa, basi, ni namna tofauti ndogo hivyo ilivyozaa jamii mbili zisizofanana katika suala la nani mwenye nguvu na nguvu hiyo hutumiwaje.

Mkazi wa Bagamoyo, aliyezoea tumbili na nyani wa Saadani, hana sokwe wala bonobo karibu naye, lakini jiografia ya wanyama hawa inagusa historia ya mji wake. Njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo ilifika Ujiji, kusini kidogo ya milima ya Gombe, na waliovuka Ziwa Tanganyika kwenda Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, waliingia katika misitu yenye sokwe. Livingstone, ambaye mwili wake ulipitishwa Bagamoyo mwaka 1874, aliandika katika shajara zake za Manyema kuhusu mnyama aliyemwita “soko”, naye anachukuliwa kuwa ni sokwe. Mwaka huohuo wa 1874 Stanley aliondoka Bagamoyo kwa safari iliyothibitisha, kufikia 1877, kwamba maji ya Mto Lualaba ndiyo yanayokuwa Mto Kongo na kumwagika katika Bahari ya Atlantiki. Mto huo hupanda kaskazini, ukavuka ikweta, kisha ukageuka magharibi na kurudi kusini kama upinde uliovutwa. Bonobo wako ndani ya upinde huo, na sokwe wako nje yake.

Wanyama hawa hawaogelei, kwa hiyo mto mpana kwao ni ukuta. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mto ulijitokeza na kuwagawa wanyama waliokuwa kundi moja. Hata hivyo, mashapo yaliyolundikana baharini mbele ya mlango wake yanaashiria kwamba mto ni wa kale sana kuliko mgawanyiko wenyewe, ambao vinasaba huuweka kati ya miaka milioni moja na milioni mbili iliyopita. Maelezo yanayoelekea kuwa na nguvu zaidi ni kwamba katika kipindi cha ukame mkali maji yalipungua, wahenga wachache wa bonobo wakavuka mahali penye kina kifupi, kisha mto ukajaa tena nyuma yao. Sayansi ilichelewa kuwatambua: mtaalamu wa wanyama Ernst Schwarz aliwaeleza mwaka 1929 kwa kuchunguza fuvu lililokuwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na Harold Coolidge akawapa hadhi ya spishi kamili mwaka 1933.

Kwa umbo, bonobo ni mwembamba zaidi, mwenye miguu mirefu, midomo ya waridi na nywele zilizogawanyika katikati ya kichwa. Uso wake huwa mweusi tangu kuzaliwa, ilhali wa sokwe huanza ukiwa wa rangi nyepesi na kukolea baadaye. Tofauti kubwa iko katika mwenendo.

Katika jamii ya sokwe, dume lolote lililokomaa humshinda jike lolote, na madume hushirikiana kulinda mipaka ya eneo lao. Ushirikiano huo unaweza kuua. Kati ya 1974 na 1978 madume wa kundi la Kasakela huko Gombe waliwavamia mmoja baada ya mwingine wenzao waliokuwa wamejitenga na kuunda kundi la Kahama, hadi kundi hilo likatoweka. Hilo halikuwa tukio la pekee, kwani uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliokusanya kumbukumbu za makundi 18 ya sokwe na manne ya bonobo, ulihesabu mauaji 152 yaliyoonekana, kukisiwa au kushukiwa upande wa sokwe, na moja tu la kushukiwa upande wa bonobo. Sokwe pia huua watoto wachanga wa wenzao, jambo ambalo halijashuhudiwa kwa bonobo wa porini.

Kwa bonobo, majike ndio wenye kauli. Jike mmoja mmoja ni mdogo kuliko dume, lakini dume akimsumbua mmoja wao, wenzake huungana na kumfukuza kwa kelele na, ikibidi, kwa meno. La kushangaza ni kwamba majike hao kwa kawaida si ndugu, kwa kuwa jike huondoka katika kundi alikozaliwa anapobalehe na kwenda kuishi na wageni. Undugu wao hujengwa kwa kukaa pamoja, kuchambuana manyoya, kugawana chakula na, tuseme bila kuzungukazunguka ingawa adabu ya pwani ingependa tunyamaze, kwa kusuguana sehemu za siri ili kupunguza wasiwasi, hasa wanapofika kwenye mti wenye matunda mengi. Dume naye hubaki karibu na mama yake maisha yake yote, na dume ambaye mama yake yupo kundini ana nafasi ya kuzaa watoto takriban mara tatu zaidi ya asiye naye.

Makundi mawili ya bonobo yakikutana, kelele huwa nyingi, lakini mara nyingi mkutano huishia katika kula pamoja. Katika hifadhi ya Kokolopori imeonekana kwamba wanyama wa makundi tofauti huchambuana manyoya na hata kupeana chakula.

Kutokana na hayo, bonobo amepewa sifa ya mpenda amani, nami naona sifa hiyo imetiwa chumvi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliolinganisha madume wa Kokolopori na wale wa Gombe, ulionyesha kwamba madume wa bonobo hugombana wao kwa wao mara nyingi zaidi kuliko sokwe. Ila hugombana mmoja kwa mmoja, na ni nadra kuwashambulia majike. Sokwe dume husita kumchokoza mwenzake kwa sababu huenda akajikuta anakabiliana na genge zima, na genge hilohilo ndilo linaloua. Kinachokosekana kwa bonobo, kwa hiyo, ni muungano wa madume, wala si hasira.

Kwa nini majike wa bonobo waliweza kuungana? Mtafiti wa sokwe Richard Wrangham na wenzake wanaeleza kwa chakula. Kaskazini mwa mto, katika maeneo mengi, sokwe huishi pamoja na gorila, ambao ni wakubwa kuliko wao na hula majani na mashina laini ya ardhini, lakini kusini hakuna gorila. Bonobo hupata matunda pamoja na majani hayo, hivyo majike hawalazimiki kutawanyika kila mmoja kutafuta riziki yake. Vilevile, uvimbe wa sehemu za siri za jike unaoashiria kupevuka kwake hudumu muda mrefu na hauonyeshi kwa uhakika siku za rutuba, jambo linalompunguzia dume faida ya kumhodhi kwa mabavu. Maelezo haya bado ni nadharia, kwani sokwe wa Gombe na Mahale nao hawana gorila jirani, na bado ni wakali.

Spishi zote mbili zimeorodheshwa kuwa hatarini kutoweka. Kwa bonobo makadirio ya chini ni wanyama 15,000 hadi 20,000, na tishio kuu ni uwindaji wa nyama, uliochochewa na silaha zilizosambaa wakati wa vita vya Kongo vilivyoanza 1996. Katika eneo la Wamba, ambako watafiti wa Kijapani walianza kazi miaka ya 1970, wenyeji Wabongandu walikuwa na mwiko wa kula bonobo, wakimhesabu kuwa jamaa, lakini vita vilileta watu wasioufuata. Hifadhi ya Taifa ya Salonga, yenye kilomita za mraba zipatazo 36,000, ni ngao kubwa, ingawa bonobo wengi huishi nje ya hifadhi. Kwa sokwe wa Tanzania tatizo ni misitu ya vijiji inayokatwa kuzunguka Gombe, pamoja na magonjwa ya binadamu, ndiyo maana mgeni anayewafuata huvaa barakoa na kukaa mbali nao.

Jike wa bonobo huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka minne au mitano hivi, kwa hiyo hasara ya mwaka mmoja wa uwindaji huchukua muda mrefu kufidiwa. Yatima wanaonusurika hulelewa Lola ya Bonobo, kituo kilichoanzishwa na Claudine André jijini Kinshasa mwaka 1994, ambako kila mtoto hukabidhiwa mama mlezi wa kibinadamu kabla ya kuchanganywa na wenzake. Tangu 2009 baadhi yao wamerudishwa msituni katika mkoa wa Équateur, wakipelekwa kwa makundi yaliyokwisha kuzoeana.