Kizibo cha kusagwa kwenye chupa ya manukato

Kizibo cha kusagwa ni kizibo cha kioo ambacho mguu wake umesagwa kwa unga wa msasa na maji, ndani ya shingo ya chupa kitakayoifunga, mpaka vioo viwili vikaumana. Hakina hesi wala mpira. Mguu huchongoka kidogo kuelekea chini ili ukae kwa kukaza, na sehemu iliyosagwa hubaki na weupe wa ukungu hata kama chupa yote inang'aa.

Wengi hutazama kwanza umbo na nakshi. Mjuzi wa vioo huanzia shingoni, maana hapo fundi hana pa kuficha uvivu wake.

Mfano mzuri ni chupa za René Lalique, sonara wa Paris aliyegeukia kioo na kumbunia chupa mtengeneza manukato François Coty. Mwaka 1909 alikodi karakana ya vioo huko Combs-la-Ville. Kwa kupuliza au kukandamiza kioo cha moto ndani ya kalibu za chuma, aliweza kutoa chupa nyingi za sura moja. Chupa ya "Ambre Antique", manukato ya Coty ya mwaka 1910, imezungukwa na wanawake wenye mavazi ya mikunjo. Kioo chake kimefifishwa kwa asidi, kisha kikapakwa rangi ya hudhurungi na kufutwa, rangi ikabaki mabondeni tu na kuzitokeza zile sura.

Kalibu ilirahisisha mwili wa chupa, lakini kizibo kiliendelea kusagwa kimoja kimoja. Ndiyo sababu chupa nyingi za aina hii zina namba ndogo iliyokwaruzwa kwenye chupa na kwenye kizibo chake. Ukiinunua, linganisha namba hizo. Zikitofautiana, kizibo kimetoka chupa nyingine na thamani imeshuka sana. Kisha kizungushe taratibu: kikicheza, spiriti (alkoholi iliyomo kwenye manukato) itageuka mvuke na kutoka, na manukato yatapungua hata usipoyatumia. Usijaribu kukirekebisha kwa msasa wa karatasi, utaharibu vyote viwili.

Tatizo la kawaida ni kizibo kugoma kutoka. Spiriti ikigeuka mvuke, mafuta na utomvu wa manukato hubaki kwenye maungio na kuganda kama gundi. Dondosha tone moja au mawili ya gliserini kuzunguka maungio, acha chupa imesimama usiku kucha, kisha gonga kizibo polepole kwa mwiko wa mbao, upande huu na upande wa pili, ukijaribu kukizungusha. Maji ya moto ni hatari: shingo hutanuka ghafla na kwa namna isiyo sawa, ikapasuka. Na usibebe chupa kwa kushika kizibo.

Vichupa vya attar (manukato ya mafuta yasiyo na spiriti) na mafuta ya udi, vinavyopendwa Oman na Zanzibar na kupimwa kwa tola (takriban gramu 11.7), mara nyingi vina kizibo kinachoendelea kuwa kijiti cha kioo cha kupakia. Mafuta hayageuki mvuke haraka kama spiriti, hivyo kuumana kwake si lazima kuwe kukali. Cha kuangalia ni urefu wa kijiti: kikigusa kitako, kizibo hakikai sawasawa, na ukikilazimisha kijiti huvunjikia ndani ya mafuta.