Majivu si mbolea kamili

Sukuma wiki ikianza kugeuka njano majani ya chini, wengi hukimbilia majivu ya jikoni. Hayatasaidia. Majani ya zamani yakitangulia kugeuka rangi, mara nyingi udongo umepungukiwa naitrojeni, kirutubisho cha kukuza majani, na majivu hayana: ilishatoka na moshi kuni zilipoungua. Kilichobaki ni chokaa nyingi, potasiamu ya kutosha na fosforasi kidogo.

Chokaa hiyo ndiyo huponza. Huondoa asidi ya udongo. Ikizidi, madini ya chuma yapo lakini mizizi haiyapati. Hapo utaona majani machanga ya juu yamepauka huku mishipa yake imebaki kijani, na mkulima (kwa bahati mbaya) huongeza majivu tena.

Ukipanda kwenye gunia au kopo, changanya madebe matatu ya udongo na debe moja la samadi iliyooza. Majivu yasizidi kijiko kimoja cha chakula kwa kila debe la mchanganyiko, mara moja kwa mwaka. Usiyachanganye na mbolea mbichi ya kuku: ile harufu kali inayopanda puani ni amonia, yaani naitrojeni yako inapotea hewani.