Karantini Si Wodi ya Wagonjwa

Juma lililopita nilimsikia tena mtangazaji akisema kwamba wagonjwa watatu "wamewekwa karantini" hospitalini, na jioni ileile jirani akanieleza kuwa mwanawe aliyeugua tetekuwanga yuko "karantini" chumbani. Nimewaelewa wote wawili, lakini neno walilolitumia halikuwa mahali pake. Karantini ni kumzuilia mahali, kwa muda uliowekwa, mtu asiyeumwa lakini aliyetoka penye ugonjwa, ili ijulikane kama ameubeba au la. Na kama mtu, vivyo hivyo mnyama na shehena. Mgonjwa hawekwi karantini. Mgonjwa hutengwa.

Neno lenyewe limetokana na hesabu. Kwa Kiitaliano arobaini ni quaranta, na karantini ni zile siku arobaini ambazo abiria, mabaharia na mizigo yao walizuiliwa kabla ya kuruhusiwa kuingia mjini. Hapo mwanzo hazikuwa arobaini. Mnamo mwaka 1377 baraza la mji wa Ragusa, ambao leo unaitwa Dubrovnik nchini Kroatia, liliagiza kwamba yeyote atokaye katika nchi yenye tauni akae kwanza mwezi mmoja Cavtat au katika kisiwa cha Mrkan, na kwa hiyo wengine huuita utaratibu ule wa awali kwa neno linalotokana na thelathini. Siku zilipoongezwa hadi arobaini, wanahistoria wanataja sababu zaidi ya moja: mafundisho ya matabibu wa kale wa Kiyunani kuhusu muda ambao maradhi makali hujidhihirisha, na uzito wa namba hiyo katika dini, kama vile mfungo wa Kwaresima. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa uzito huo, kwa kuwa mzazi hukaa ndani arobaini, marehemu husomewa arobaini, na hata mwizi tumemhesabia siku zake. Lau tungelitafsiri neno hili badala ya kulikopa, tungepata "arobaini" tupu, na pengine tusingelikosea.

Tofauti ninayoitetea waliijua vizuri watu wa Venice, na waliijenga kwa mawe. Mwaka 1423 dola hiyo ilitenga kisiwa kidogo katika wangwa wake, penye kanisa la Santa Maria di Nazareth, pawe mahali pa kuwapeleka waliokwisha kuugua tauni. Jina la Nazareth, likichanganyika na la Lazaro, ndilo lililozaa neno lazareti, yaani mahali pa kuwazuilia wenye maradhi ya kuambukiza au wanaoshukiwa kuwa nayo. Mwaka 1468 kikaamuliwa kisiwa cha pili, Lazzaretto Nuovo, yaani lazareti mpya, kwa ajili ya wale waliotoka penye tauni lakini hawajaugua, pamoja na bidhaa zao. Huko kulijengwa vyumba vipatavyo 100, kila kimoja na bomba lake la moshi, ili wasafiri wasipike na kula pamoja. Katika ghala kuu, lenye urefu wa mita zaidi ya 100, wapagazi walifungua marobota ya sufu na nguo, wakayaanika kwenye upepo na kuyafukiza kwa moshi wa mimea yenye harufu kali. Maandishi yao ya rangi nyekundu bado yapo katika kuta za ghala lile: majina, tarehe, alama za wafanyabiashara. Waliyaandika watu wenye nguvu zao, wanaofanya kazi na kuhesabu siku.

Waliamini kwamba tauni husafiri katika hewa mbovu iliyonaswa na vitambaa, na hapo walikosea, kwa kuwa bakteria wake waligunduliwa na Alexandre Yersin mwaka 1894 tu, na wajibu wa viroboto ukajulikana baadaye. Hata hivyo utaratibu wao ulikuwa na mantiki, kwa maana tauni ya mitoki kwa kawaida hujitokeza ndani ya juma moja hivi tangu mtu aambukizwe, na siku arobaini zilitosha na kubaki.

Kuchanganya mambo haya mawili kunaniudhi kwa sababu kuliwahi kugharimu maisha ya watu. London, katika tauni ya mwaka 1665, nyumba za kutengea wagonjwa zilikuwa chache mno, kwa hiyo mmoja alipougua, nyumba nzima ilifungwa, mlango ukachorwa msalaba mwekundu wa urefu wa futi moja, na mlinzi akasimamishwa nje usiku na mchana. Ndani walibaki mgonjwa, mkewe, watoto na watumishi, wenye tauni na wasio nayo, wakivuta hewa moja na kulala kwenye matandiko yaleyale. Ile haikuwa karantini, kwa sababu mgonjwa alikuwamo, wala haikuwa kutenga, kwa sababu wasioumwa walikuwamo pia. Palikuwa na watu wakati uleule waliolalamika kwamba kufunga nyumba kunaua wasiougua, na katika orodha rasmi za vifo mji ule uliandikisha mwaka huo watu 68,596 waliokufa kwa tauni.

Kwetu nadhani wafugaji hulitumia neno hili kwa usahihi kutushinda sisi wa mjini. Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia wilayani na karantini ikatangazwa, mfugaji anajua kwamba wanaozuiliwa kwenda mnadani ni pamoja na ng'ombe wake wanaokula na kucheua vizuri.

Kwa hiyo mtangazaji angesema kwamba wagonjwa watatu wametengwa, na waliosafiri nao basi moja wamewekwa karantini. Mtoto wa jirani naye ametengwa. Kama yupo wa karantini, ni dada yake aliyelala naye kitanda kimoja na bado hajatoka hata kipele. Akitoka kipele hali yake inabadilika na neno linabadilika pamoja naye, kama ilivyokuwa kule Venice, ambako aliyeanza kupata homa katika kisiwa kipya alipakiwa mashuani na kuvushwa hadi kile cha zamani.