Kuvaa uhusika kunafundishwa, kuvua nako kufundishwe

Wiki za mwisho wa muhula katika vyuo vya sanaa huwa na pilikapilika zake. Maonyesho ya mtihani yamepangwa, mazoezi yanasogea hadi usiku, na ndipo wanafunzi wengi hubisha hodi kwenye ofisi ya ushauri nasaha. Mmoja hapati usingizi. Mwingine sauti imekauka na daktari aliyempima koo hajaona tatizo. Mwingine amecheza mjane muhula mzima, sasa anaamka asubuhi analia na hajui anamlilia nani. Nikiwa mnasihi wa wanafunzi hawa, nataka wazazi, walimu na wao wenyewe waelewe kinachowapata, kwa sababu sehemu kubwa inazuilika.

Nianze na waigizaji. Chuoni wanafundishwa kuvaa uhusika kwa bidii kubwa, lakini kuvua hakupewi hata kipindi kimoja. Mbinu nyingi za uigizaji wa uhalisia zinatokana na kazi ya Mrusi Konstantin Stanislavski, mmoja wa waanzilishi wawili wa Jumba la Sanaa la Moscow mwaka 1898. Katika mbinu zake za awali kuna kumbukumbu ya hisia: mwigizaji anarudi kwenye tukio lililomgusa maishani mwake, na hisia ile inampa uhai mhusika. Stanislavski mwenyewe baadaye aliegemea zaidi kwenye vitendo vya mwili. Madarasani, hata hivyo, mbinu ile ya awali hutumika nusunusu. Mwalimu anamwambia binti wa miaka 20, "Mkumbuke marehemu mama yako." Machozi yanamtoka, tukio linanoga, darasa linapiga makofi, kipindi kinakwisha. Binti anabaki na msiba alioufukua, na jioni ana kazi ya nadharia ya kukabidhi.

Maneno anayosema jukwaani yametungwa, lakini moyo uliokwenda mbio, misuli iliyokaza na pumzi iliyobana ni vyake. Havitulii kwa sababu tu taa zimezimwa.

Kuvua uhusika hakuhitaji mtaalamu wala fedha. Dakika 10 baada ya mazoezi zinatosha. Mwigizaji anavua vazi la mhusika mwenyewe, iwe kanga ya msiba au koti la mlevi, analikunja na kulikabidhi. Ananawa uso. Ananyoosha mgongo, maana mhusika alikuwa ameinama na yeye hakuinama. Kisha anataja jina lake kamili mbele ya wenzake na kusema yanayomtenga na mhusika: "Yeye amefiwa na mume, mimi sijaolewa. Yeye hana wa kuzungumza naye, mimi usiku huu napika ugali na wenzangu wa chumbani." Wenzake nao waache kumwita kwa jina la mhusika huko bwenini. Utani huo unaonekana mdogo, lakini unamrudisha kila saa mahali alipotakiwa kutoka. Na pale igizo linapogusa ubakaji, kipigo au kifo cha mtoto, mwalimu amuulize mwanafunzi faraghani kabla ya kumpangia nafasi, na akikataa asipunguziwe alama. Kwenye hili sina "lakini": hakuna onyesho linalostahili kumrudisha kijana kwenye unyama aliofanyiwa.

Hofu ya jukwaa ni jambo jingine, nayo peke yake si ugonjwa. Mwili unamwaga adrenalini, mapigo yanapanda, mate yanakauka, vidole vinakuwa baridi. Kwa mwanafunzi wa uhasibu anayeingia mtihani, vidole kutetemeka ni usumbufu tu. Kwa mpiga fidla, mtetemo huo unafika kwenye upinde na ukumbi mzima unausikia. Mpiga zumari naye hana la kufanya na mdomo mkavu. Ndiyo maana wengine hutafuta njia ya mkato: bia mbili kabla ya kupanda, bangi, au vidonge vya propranololi alivyopewa na rafiki. Propranololi ni dawa halali ya kupunguza mapigo ya moyo na madaktari huiandikia, lakini kwa mwenye pumu inaweza kubana njia za hewa hadi kuhatarisha maisha. Usimeze kidonge cha mwenzako.

Katika ushauri nasaha hofu hii hupunguzwa kwa hatua. Mwanafunzi anapiga kipande chake mbele ya rafiki mmoja, kesho mbele ya watano, kisha kwenye ukumbi wenyewe ukiwa mtupu, halafu ukiwa na watu. Anajifunza kutoa pumzi polepole zaidi kuliko anavyoivuta. Anaiandika pia ile sentensi inayomjia kichwani, "nikikosea nota moja nimekwisha," na tunaikagua pamoja: mara ya mwisho ulipokosea, nini hasa kilitokea?

Wachezaji ngoma wana la kwao. Goti likiumia, mtu anapoteza kozi, kipato cha maonyesho ya mwisho wa wiki na kundi lake kwa mpigo, na nyumbani yupo mjomba aliyesema tangu mwanzo kwamba sanaa ni uhuni. Majeraha ya mwili yaje na ushauri nasaha siku hiyohiyo, bila kusubiri kijana aanze kujifungia.

Vyuo hivi ni vidogo. Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981 na leo ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), au Zanzibar kwenye chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, mwalimu anaweza kumjua mwanafunzi kwa jina, kwa kwao na kwa sauti. Ukaribu huo una faida kubwa, ila katika mazingira ya namna hii siri huvuja upesi. Kwa hiyo anayetoa ushauri asiwe yule anayetoa alama au kupanga nafasi za igizo, na ofisi yake isitazamane na ukumbi wa mazoezi. Mnasihi hutunza siri isipokuwa pale maisha ya mwanafunzi au ya mtu mwingine yanapokuwa hatarini, na hilo analieleza kikao cha kwanza kabla ya swali lolote.

Umri nao una maana yake. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa robo tatu ya magonjwa ya akili ya maishani huwa yameanza kufikia miaka 24. Kwa hiyo huzuni au kukosa hamu ya mambo kukizidi wiki mbili mfululizo, na usingizi, chakula au masomo vikavurugika, tusiseme "wasanii ndivyo walivyo." Hiyo inaweza kuwa sonona, na inatibika. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii naye apelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa. Wanaohitaji huduma ya juu zaidi hupelekwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, au ya Mirembe, Dodoma.

Ukihofia kwamba mwenzako anafikiria kujiua, muulize waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, usimwache peke yake, mwondolee dawa na vitu anavyoweza kujidhuru navyo, mwite mlezi wa wanafunzi na mumpeleke hospitali usiku huohuo. Onyesho la kesho lisimzuie yeyote: nafasi yake jukwaani atacheza mwingine, au liahirishwe.